Mwalimu Aliyeiweka Neptuni Matulo

Mwaka aliozaliwa Mwalimu siujui, na ukoo wake sitautaja. Anayetaka hayo aende Matulo, karibu na Webuye, atapata wazee watakaomtajia mababu mpaka asinzie. Mimi nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na macho yangu si ya kubahatisha. Yamesomea upimaji wa ardhi ng'ambo na kurudi Kitale na diploma. Sikuwa na mjomba wizarani wala baba mwenye trekta. Nilijitengeneza mwenyewe, kutoka kubeba magunia sokoni hadi kubeba vyombo vya kupimia, na nikitamka jambo kuhusu umbali wa mahali na mahali, watu wa kawaida hunyamaza.

Yeye alikuwa Mwalimu. Shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Kitale, ilikuwa na walimu wengi, lakini ukisema "Mwalimu amenuna leo," hakuna aliyeuliza ni yupi. Alifundisha jiografia na hesabu. Alikuwa mrefu, na suruali zake ziliishia juu ya vifundo vya miguu kana kwamba zilishonewa ndugu yake mfupi. Kile kibanio cha kuzuia suruali isishikwe na mnyororo wa baiskeli hakikutoka mguuni, hata akiwa kanisani. Kanisani aliimba besi ya kutikisa madirisha, na kila mara alikuwa nje ya wimbo.

Watu wengine hupenda mpira. Yeye alipenda Neptuni.

Sijui ilianzaje. Najua tu kwamba somo lolote, hata la kilimo cha pareto, lilikuwa na njia ya kufika huko. Ukimuuliza kuhusu maji atakwambia Neptuni ni ya buluu lakini si bahari, ni gesi ya methani inayomeza wekundu wa mwanga na kuturudishia ubuluu. Ukimuuliza kuhusu baridi ya Mlima Elgon atacheka, "Hiyo ni baridi? Hiyo ni shuka tu!" Na mwanafunzi aliyechelewesha kazi yake alijibiwa hivi:

"Nitakusamehe mwakani."

"Asante, Mwalimu."

"Mwaka wa Neptuni. Huko mwaka mmoja ni kama miaka yetu mia moja sitini na mitano. Tangu igunduliwe haijamaliza mwaka hata mmoja. Piga magoti."

Siku moja mwanafunzi wa nyuma, mtoto wa mwenye duka, akamkatiza.

"Mwalimu, si uniambie ukweli. Wewe umeiona hiyo kitu?"

"Kwa macho matupu hakuna anayeiona. Sijaiona."

"Sasa unajuaje iko?"

"Wewe baba ya babu yako umemwona?"

"Hapana."

"Sasa hizo masikio kubwa ulipata wapi?"

Darasa lilivunjika mbavu. Alipenda sana watu wacheke naye, na alichukia sana kuchekwa yeye. Nimewahi kumwona akirudisha daftari za darasa zima bila kuzisahihisha kwa sababu mtu mmoja alicheka kibanio chake.

Kuhusu kugunduliwa kwa Neptuni alikuwa na hadithi aliyoisimulia kama mtu anayesimulia kesi ya wizi wa ng'ombe. Wanahisabati wa zamani, alisema, waliona sayari ya saba, Uranusi, inapotoka kwenye njia waliyoikadiria. Hawakusema Uranusi ina tabia mbaya. Walisema kuna kitu nje yake kinaivuta. Wakakaa chini, wakapiga hesabu kitu hicho kiko upande gani, na mwaka wa 1846 darubini ikageuzwa pale pale. Kikaonekana. "Walikishika kwa kalamu kabla ya kukiona kwa jicho!" alisema, na kila mara alipofika hapo aligonga meza.

Mimi mwenyewe alinishika hivyo. Nilikuwa kidato cha pili, nikiongoza darasa, nami sijisifu bure, matokeo yapo. Ghafla nikaanza kuporomoka. Walimu wengine walisema nimeingia kwenye bangi. Mwalimu hakuuliza mtu. Alitazama rejista, akaona kuwa siku ninazochelewa na kusinzia zinafuatana na siku za soko, na asubuhi moja nilipoinua kichwa chini ya gunia la vitunguu nikamkuta amesimama kando ya lori na baiskeli yake.

"Kumbe ndiyo hii inakuvuta," alisema.

Nilingoja kipigo. Hakunipiga. Wala hakunipa kitu, hilo nalisema ili isidhaniwe kuna mtu alinisomesha. Alichofanya ni kuhamisha majaribio yake yote ya hesabu kutoka siku za soko, akawaambia walimu wengine ni kwa sababu za kiafya. Afya ya nani, hakusema.

Alikuwa na mambo yasiyopatana hata kidogo. Alitufundisha kwamba kati ya jua na sayari ya nane kuna vipimo visivyoruhusu kosa, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika darasani kwa wakati. Alijua mabati yanahitaji misumari mingapi, akapigilia nusu yake nyumbani kwake, na upepo wa Machi ukayabeba mpaka uwanja wa shule. Tulimsaidia kuyaokota. Na wakati ule, kuanzia mwaka wa 1979, alikuwa akituambia kwamba vitabu vinavyosema Pluto ndiyo ya mbali zaidi vinakosea kwa miaka ishirini, maana njia ya Pluto imepinda na sasa imeingia ndani ya njia ya Neptuni hadi mwaka wa 1999. Tukamuuliza, je, kwenye mtihani?

"Kwa karatasi andika Pluto, upite. Kwa kichwa weka Neptuni."

Nikapita. Vyote viwili vimekaa kichwani mpaka leo.

Lakini kitu chake hasa kilikuwa barabara. Nyumbani kwao ni Matulo, na kila mwisho wa mwezi alienda huko kwa baiskeli kutoka Kitale, kupitia Kiminini na Kamukuywa. Katika safari hizo alikuwa ameupanga mfumo wote wa jua kando ya lami. Jua lilikuwa silo moja la mahindi pale Kitale. Kwa ukubwa huo, Dunia ingekuwa balungi moja lililowekwa mwendo wa kilomita mbili hivi kutoka silo. Mshtarii, sayari ya tano, ilikuwa mbele ya hapo sana, Zohali, ya sita, ikaangukia Kiminini, Uranusi karibu na Kamukuywa, na Neptuni, kubwa kama mtungi wa maji, ikaangukia kwao Matulo. Baadaye, nikiwa na diploma yangu, nilimwambia silo ni dogo kidogo kwa umbali huo. Akanijibu kuwa serikali ikijenga kubwa zaidi atashukuru.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu yake ya mwendo. Mwanga wa jua hufika duniani kwa dakika nane na ushei, na Neptuni kwa saa nne na kidogo. Yeye na baiskeli yake, silo mpaka balungi, dakika nane. Silo mpaka Matulo, saa nne na kidogo. "Mimi huwa naenda nyumbani kwa mwendo wa mwanga," alisema, na hakuwa anatania. Mtu akimpita na lori pale mlimani alikasirika kwelikweli, akasema hakuna kinachoruhusiwa kufanya hivyo.

Kule Matulo alikuwa na shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Huyu mama ndiye aliyemngoja kila mwisho wa mwezi. Kwao shemeji wa namna hiyo huitwa mulamwa, na mulamwa ni mtu wa kutaniana naye bila huruma. Usipomtania, watu huuliza kuna nini. Nilimfuata huko mara moja likizoni, nikamsikia mama huyo akipaza sauti kabla baiskeli haijasimama.

"Ni nguzo ya simu hiyo imekuja ama ni mulamwa?"

"Ni mimi, kifaranga. Kuna chakula?"

"Ya watu wenye kazi iko. Ya watu wa kuangalia juu haiko!"

Walitukanana hadi jioni, na sijaona watu waliopendana kuliko wale. Kaka alipofariki, shamba la miwa lililobaki lilikuwa la mama yule. Upande mdogo wa nyuma ulikuwa wa Mwalimu, ambaye hakuwa amejenga. Mpango wake ulikuwa mmoja tu maishani, na alimwambia kila mtu: akistaafu atarudi Matulo, ajenge nyumba ndogo, akae karibu na mulamwa wake amtukane mpaka mmoja wao afe.

Nilikwenda ng'ambo, nikasoma, nikarudi mwaka wa 1988. Nilifungua ofisi pale Kitale, na kibao changu kilikuwa kirefu kuliko mlango wenyewe, maana diploma ilikuwa na maneno mengi na sikutaka kupunguza hata moja. Agosti ya mwaka uliofuata Mwalimu aliingia mbio, bila kubisha, redio ndogo mkononi.

"Kijana, wamefika!"

"Nani wamefika, Mwalimu?"

"Chombo! Kimefika Neptuni! Kimetembea miaka kumi na miwili, bana, na kimefika!" Alikaa kwenye kiti cha wateja akifuta uso. "Ati upepo wa huko unashinda wa sayari zote. Ati iko na pete, nyembamba. Mwezi wake mkubwa unazunguka kinyume. Nilisema! Si nilisema iko na mambo?"

Sikumkumbusha kwamba hakuwa amesema hata moja kati ya hayo matatu. Alikuwa akitoa machozi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa furaha yake alimwendea fundi seremala, akachongewa vigingi vya mti mgumu. Akavipaka rangi nyeupe iliyobaki kwenye milingoti ya goli, na vichwa akavipaka nyekundu iliyobaki kwenye geti la shule. Majina ya sayari hayakuenea, kwa hiyo aliandika namba tu. Akavifunga kwenye baiskeli na kuvipigilia kimoja kimoja kando ya barabara, kutoka silo hadi Matulo. Moja, mbili, tatu. Namba nane alikipigilia kwa heshima zote kwenye ukingo wa miwa ya mulamwa wake. Mama mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Ndalu kwa binti yake aliyejifungua.

Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia, kwa maana hilo ni jambo ninalolijua kwa cheti. Katika nchi ile yetu ya mashamba ya kugawanywa, kigingi cheupe chenye kichwa chekundu na namba si somo. Ni mtu anayekatwa ardhi.

Habari ilianza Matulo, ikapanda. Kijana mmoja aliona namba nane akasema hiyo ni ploti namba nane. Kama kuna nane kuna saba. Wakatafuta saba, wakaipata Kamukuywa! Wakatafuta sita, ipo Kiminini. Katika siku chache watu wote wa barabara ile walijua kwamba kuna mkubwa anapima kutoka Kitale hadi Webuye. Wengine walisema ni barabara inapanuliwa, wengine wakasema ni reli mpya. Mabroka wa ardhi nao hawakulala. Mmoja aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akainama.

"Mkubwa, mimi sitaki mingi. Nionyeshe tu namba tisa iko wapi."

"Tisa ya nini?"

"Ah, si wewe ni sorveya? Moja mpaka nane tumeona. Tisa wamefichia nani?"

Nilimfukuza, lakini ndipo nilipoelewa.

Mama alirudi kutoka Ndalu akakuta kigingi kwenye miwa yake. Majirani walikuwa wamemwona aliyekipigilia. Hakuwa mkubwa wa serikali wala broka. Alikuwa shemeji yake mwenyewe, aliyekaribia kustaafu, na aliyengoja mwenye nyumba asafiri. Mjane yeyote wa upande ule angewaza alichowaza yeye.

Hakupiga kelele. Mwalimu alipofika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akipiga kengele ya baiskeli na kungoja tusi lake, mama alitoka na kiti cha wageni. Akakifuta kwa leso. Akasema, "Karibu, Mwalimu. Habari za Kitale?" Kisha akaingia ndani.

Nilimwona Jumapili akirudi, akanikuta nje ya kanisa. Alikuwa ametembea, baiskeli akiisukuma.

"Ameniita Mwalimu," alisema.

"Si wewe ni mwalimu?"

"Si kwake!"

Niliona uso wake, na nilijua anachokipoteza. Mtu hawezi kujenga nyumba mahali ambapo mulamwa wake anamfutia kiti.

Wiki iliyofuata chifu wa kule aliita baraza. Alikuwa mtu mkali lakini wa haki. Alisema aliyepima ardhi ya watu bila idhini atajibu, na kama hana jibu, taarifa itapelekwa kwa mwajiri wake. Mwalimu alikuwa amebakiza miaka michache tu kazini. Nilimpeleka mwenyewe kwa pikapu yangu, nikiwa nimevaa suti niliyorudi nayo, na nikamwambia asiogope, mtaalamu yupo.

Uwanja ulijaa. Kigingi namba nane kilikuwa kimelazwa mbele ya meza ya chifu kama maiti. Nilisimama kwanza. Nilieleza kwa ufasaha kabisa kwamba bikoni halali, yaani alama ya mpaka, haiwi ya mti wenye namba iliyopakwa kwa mkono, kwamba mimi ni mpimaji mwenye diploma, na kwamba hakuna ramani yoyote inayohusiana na kigingi hicho. Nilidhani nimemaliza kesi.

Mzee mmoja nyuma alisema, "Kumbe amekuja na sorveya wake!"

Baraza likavuma. Mwingine akauliza, "Hiyo suti ilitoka kwa ploti gani?" Nilikaa chini. Hotuba ilikuwa nzuri, wasikilizaji ndio hawakuwa tayari.

Chifu alimwita Mwalimu. Akasimama, mrefu, kibanio mguuni ingawa hakuja na baiskeli, na akaanza na jua. Chifu alimkata.

"Mwalimu, sisi hatujakuja shule. Hii namba nane ni nini?"

"Ni Neptuni, chifu. Ni sayari."

"Na imefanya nini kwa shamba ya huyu mama?"

Nilimwona akitafuta, mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu. Kisha mama mwenyewe akasimama katikati ya wanawake. Hakumtazama.

"Chifu, mimi nataka kuuliza Mwalimu kitu moja."

"Uliza, mama."

"Hiyo Neptuni. Iko na ekari ngapi?"

Watu waliguna.

"Haiko na ekari, mama."

"Ni ndogo?"

"Ni kubwa. Ukipanga dunia nne hivi ndiyo upate upana wake. Lakini haiko na udongo. Ni gesi na upepo, na chini yake maji mazito na joto. Hakuna mahali ya kukanyaga. Ukienda na jembe utazama tu, utazama, hakuna kitu jembe itagonga."

"Hakuna udongo kabisa?"

"Kabisa."

"Hata ya kuzikia mtu?"

"Hata hiyo."

Mama alifikiri. Uwanja wote ulikuwa ukifikiri naye. Halafu yule mzee wa nyuma akasema polepole, kama mtu anayesoma hukumu, "Sasa mtu mwenye akili anaiba aje shamba haina udongo?"

Kicheko kilianza upande wa wanawake. Mtu akapiga kelele, "Mwalimu, hiyo ploti kaa nayo!" Mwingine akasema atamwombea hati miliki ya upepo. Yule broka wangu, ambaye sikujua yupo, akainua mkono.

"Chifu, na tisa? Tisa ni ya nani?"

"Tisa ni Pluto," Mwalimu alijibu haraka, akiwa sasa amepata sauti yake. "Sikuipigilia kwa sababu sikujua niweke wapi. Kawaida iko nje ya nane. Lakini saa hii imeingia ndani ya nane, mpaka mwaka wa tisini na tisa."

"Imeingia kwa jirani?"

"Imevuka, ndiyo."

"Miaka ngapi?"

"Ishirini."

"Na hawajapelekana kortini?" aliuliza chifu mwenyewe, na hapo baraza likaisha, kwa sababu hakuna aliyesikia tena neno la mtu.

Chifu aliamuru Mwalimu akang'oe vigingi vyote kwa mkono wake, na akasema hakuna taarifa itakayokwenda popote. Kazi yake ilikuwa imepona. Watu walimpa mkono. Alinyoosha shingo juu ya vichwa vyao akimtafuta mulamwa wake, na mama akaja, akasimama mbele yake.

"Asante kwa kutueleza, Mwalimu," alisema. Akaenda zake.

Tulirudi Kitale tukisimama njiani kung'oa saba, sita, tano. Namba moja aliking'oa gizani, karibu na silo.

Baada ya hapo kazi zilinipeleka Bungoma. Nilikuwa natakiwa kila mahali, ndiyo hali ya mtu mwenye ujuzi. Nilijenga nyumba ya mawe, nikaoa, nikazeeka kidogo kiunoni. Nilisikia Mwalimu amestaafu na amekwenda Matulo. Kila nilipolisikia jina la Matulo nilijiuliza anaishi vipi pale, mtu mzima, akiletewa kiti cha wageni kwao. Sikwenda. Niliogopa kukuta hivyo.

Mwaka wa 1999 nilipita Webuye kwa kazi, nikakata shauri. Niliacha gari barabarani nikaingia kwa miguu kati ya miwa. Kabla sijaona nyumba nikasikia sauti ya mwanamke, kali, ya mtu aliyechoka na mpumbavu.

"Njugu hizo! Unang'oa njugu, mulamwa! Hata kuku inajua njugu na magugu!"

Nilisimama pale pale kwenye miwa.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye mistari ya njugu, mvi tupu, kofia ya majani kichwani. Aliponiona alijaribu kusimama akashindwa, nikamvuta. Tukakaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, yenye mabati yaliyopigiliwa vizuri, lakini ilikaa vibaya kuliko nyumba yoyote niliyowahi kuona, na mimi nimeona nyingi kikazi. Jua la alasiri liliingia lote mlangoni. Na kutoka kwenye benchi, mbele yetu kabisa, hakukuwa na milima wala barabara. Kulikuwa na choo cha mama.

"Mwalimu," nilisema, "nani alikupimia hapa?"

"Hakuna mtu alipima." Alitabasamu. "Nilipokuja kujenga nilimwambia, wewe ndiye mwenye boma, nionyeshe mahali. Akatembea, akatembea, akakanyaga na kisigino. Akasema, hapa."

"Hapa mbele ya choo?"

"Hapa. Nikamwita fundi nikamwambia, jenga hapo."

"Hukubisha?"

"Nibishe nini?"

Alisema alijenga mwezi mzima, na mama hakumtukana hata mara moja. Alileta uji wa mafundi, akamwita kwa lile lile jina la Mwalimu, akaondoka. Nyumba ikaezekwa. Akahamia. Asubuhi ya kwanza akafungua mlango, na mlango wa choo nao ukafunguliwa, na wakatazamana uso kwa uso, yeye na mswaki mdomoni, mama na kopo mkononi.

"Akasimama akaniangalia," Mwalimu alisema. "Akaangalia nyumba. Akaniangalia tena. Akasema, 'Mulamwa! Mtu mzima na masomo yote hayo, unajenga nyumba inaangalia choo?' Nikamwambia, si wewe ulinionyesha. Akasema, 'Nilifikiri utakataa!' Akacheka mpaka kopo ikaanguka. Tangu hiyo siku sijapumzika. Ananitukana asubuhi, ananitukana jioni."

Alikuwa anafuta macho. Nilimwambia, ili nimpe nafasi, kwamba nimesikia Pluto imerudi nje mwaka huu, kwamba Neptuni si ya mwisho tena.

"Ee, nilisikia," alisema, lakini sikio lake lilikuwa upande wa jikoni.

"Mulamwa!" sauti ikaita kutoka huko. "Huyo mgeni atakula ama amekuja kuangalia choo yangu pia?"

"Atakula!"

"Basi lete yeye! Na unawe hiyo mikono ya kuua njugu!"

Alikwisha kunyanyuka kabla hajamaliza kuitwa. Akatangulia mbio, kofia ikaanguka, hakuiokota.